Kubadili saa ya ndege ukiwa Unguja au Pemba: njia zilizopo na ipi inakufaa

Ndege yako ni ya saa nne asubuhi, na sasa unahitaji ya jioni au ya kesho. Abiria wa Unguja na Pemba ana njia nne: kulipa ada na kusogeza tiketi ileile, kuitupa na kukata mpya, kuachia nafasi bila kuchagua siku nyingine, au kuiweka ndege kando akapanda boti. Ipi itakutoka kwa bei nafuu haitegemei sana jina la shirika. Inategemea aina ya tiketi uliyonunua, nani aliyekukatia, na saa ngapi zimebaki kabla ya ndege kuondoka. Katika hayo matatu, la mwisho ndilo linalowala watu fedha nyingi zaidi, maana kila saa inayopita inakupunguzia njia za kuchagua.

Unacholipa hasa

Mtu huuliza "kubadili ni shilingi ngapi?" akatajiwa ada, kisha akifika kaunta anadaiwa mara mbili yake. Hajadanganywa. Gharama ya kubadili ina vipande vitatu, na ada ni kimoja tu. Cha pili ni tofauti ya nauli, yaani pengo kati ya nauli uliyolipa na nauli inayouzwa leo kwa ndege unayoitaka. Cha tatu ni kodi na tozo, kwa kuwa zile zinazohesabiwa kwa asilimia hupanda nauli ikipanda.

Tuchukue hesabu ya mfano. Umekata tiketi ya Unguja hadi Mwanza kupitia Dar es Salaam wiki sita kabla, nauli 230,000 bila kodi. Ada ya kubadili ni 50,000. Ndege ya jioni ya siku ileile imebakiwa na viti vya nauli ya 340,000 tu, kwa hiyo tofauti ni 110,000 na jumla inakuwa 160,000. Ndege ya kesho yake asubuhi bado ina viti vya 250,000, tofauti 20,000, jumla 70,000. Ada haikubadilika hata senti, lakini saa uliyoichagua imekuongezea 90,000.

Sababu ni kwamba mashirika makubwa hugawa viti vya daraja moja katika makundi mengi ya bei, kila kundi lina herufi yake na idadi yake. Unakaa kwenye kiti kilekile, unapewa soda ileile, lakini aliye pembeni yako huenda amelipa nusu yako. Kundi la bei ndogo likimalizika, mfumo unafungua la juu yake. Ndiyo maana ndege ya Ijumaa jioni na ya Jumapili jioni huwa mbaya kwa mtu anayebadili, na ya Jumanne au Jumatano mchana huwa na nafuu.

Kutokana na hapo, soma vizuri tangazo linalosema "kubadili bure". Maana yake ni kwamba kile kipande cha kwanza kimeondolewa. Tofauti ya nauli unailipa kama kawaida. Na kama ndege mpya ina nauli ndogo kuliko uliyolipa, usitarajie kurudishiwa chenji. Tiketi nyingi za bei ya chini hazirudishi pengo hilo.

Kabla hujampigia mtu yeyote simu, fungua tovuti ya shirika kana kwamba wewe ni mnunuzi mpya, uangalie bei ya ndege unayoitaka, ya kabla yake na ya baada yake. Dakika kumi hizo zinakupa makadirio ya tofauti ya nauli, na zinakuonyesha kama kusogea saa tatu mbele kutakuokolea fedha. Kumbuka pia kwamba ada ni kwa kila abiria na mara nyingi kwa kila upande wa safari. Familia ya watu wanne hulipa ada nne. Kama ni mmoja tu anayebaki nyuma, omba buking igawanywe kwanza, yeye apate namba yake, ndipo abadilishiwe. Bila hivyo mfumo unaweza kuwasogeza wote.

Ndege ndogo na ndege kubwa

Kati ya Pemba, Unguja na Dar, safari nyingi ni za ndege ndogo aina ya Cessna Caravan zenye viti 12 au 13, na Auric Air ni miongoni mwa kampuni zinazozitumia. Kwa safari za bara zaidi kuna ATR za Precision Air, na Q400 na Airbus A220 za Air Tanzania. Kubadili katika makundi haya mawili ni mambo mawili tofauti.

Ndege ndogo kwa kawaida huuzwa kwa viwango vichache vya bei, wakati mwingine kimoja tu kwa msimu mzima. Ukibadili siku mbili tatu kabla, tofauti ya nauli huwa ndogo au haipo, na kazi yote inafanyika kwa simu, WhatsApp au baruapepe ya ofisi: mtu anatazama kama kiti kipo, anakuandikia upya, basi. Ugumu unaanza siku yenyewe ya safari. Viti ni vichache, kwa hiyo ndege ya mchana ikijaa hakuna ngazi ya juu ya bei ya kukimbilia, imejaa tu. Kampuni nyingine zinataka taarifa siku nzima kabla, na baada ya hapo tiketi inahesabiwa imetumika hata kama hujapanda. Tena safari za Pemba kwa ndege hizi ni za mchana, kwa hiyo anayekosa ya mwisho atalala.

Kuna na suala la uzito. Mzigo unaoruhusiwa kwenye ndege ndogo mara nyingi ni kilo 15, katika begi laini, kwa sababu tumbo la ndege ni dogo na sanduku gumu halijipindi. Ukihamia ndege iliyojaa, mzigo wako unaweza kuachwa ukaletwa na ndege ya baadaye. Ukibadili saa, taja uzito wa mzigo wako palepale, hasa kama umebeba kapu la samaki au boksi la karafuu, na uulize kama utakwenda pamoja nawe.

Ndege kubwa ni kinyume chake. Tofauti ya nauli inakuuma siku zote, hata ukibadili wiki mbili kabla, lakini mfumo haulali. Saa sita za usiku unaweza kuingia mtandaoni ukasogeza safari ya kesho, na kama kuna kiti cha bei yoyote utakipata. Kwa hiyo mtu ambaye ratiba yake huyumba mapema, siku kadhaa kabla, anafaa zaidi kwa ndege ndogo. Ambaye hujua dakika za mwisho, kama anayemsubiri daktari amruhusu mgonjwa kutoka Mnazi Mmoja, atapata nafuu kwenye ndege kubwa, japo kwa bei.

Mwenyewe mtandaoni, ofisini, au kwa wakala

Kubadili mwenyewe kwenye tovuti au programu ya shirika kunahitaji vitu viwili: namba ya buking yenye herufi na tarakimu sita, na jina la mwisho kama lilivyoandikwa kwenye tiketi. Kama tiketi imeandika jina la babu mwisho, weka la babu, hata kama kila mtu anakuita kwa la baba. Mfumo utakuonyesha jumla kabla ya kulipa, ukiwa umeshajumlisha ada na tofauti. Hapo unaweza kurudi nyuma na kujaribu ndege nyingine bila kudaiwa chochote.

Njia hii inakwama mara nne: tiketi ilipotolewa na wakala, safari ya kwenda ilipokwishatumika, kunapokuwa na mtoto mchanga ndani ya buking, na ulipokwisha kuchukua boding pasi. Hilo la mwisho lina dawa, ifute kwanza kule ulikoichukulia, kisha jaribu tena. Na kama benki au simu imekata fedha lakini tiketi mpya haijaja, usilipe mara ya pili. Hifadhi ujumbe wa malipo, subiri kidogo, kisha wasiliana na shirika ukiwa na namba ya muamala. Kurudishiwa malipo yaliyojirudia kunachukua muda mrefu kuliko kusubiri.

Ofisi ya shirika inafaa kwa mambo ambayo mashine haiyajui: msiba, ugonjwa, viza iliyochelewa, kosa la jina. Nenda na kitambulisho au pasi, tiketi, na barua ya hospitali ikiwa ipo. Mashirika kadhaa husamehe ada kwa ugonjwa au kifo cha mtu wa karibu, lakini hawakupi usipoomba, na wakikupa mara nyingi wanasamehe ada tu. Panga na wakati wa kwenda: Ijumaa kuanzia karibu saa sita mchana usitegemee kumkuta mtu mpaka watoke msikitini, na Jumamosi ofisi nyingi za mjini ni nusu siku.

Kwa wakala ndiko kunakohitaji macho zaidi. Faida yake ni kweli: anaona makundi yote ya bei kwenye mfumo wake, anaweza kukutafutia siku yenye nauli ndogo, na unamlipa kwa shilingi mkononi. Anaongeza ada yake juu ya ile ya shirika, na hilo ni haki yake kwa kazi anayoifanya, ilimradi akutajie mapema. Ila tiketi iliyokatwa na wakala iko mikononi mwa wakala huyo. Ukienda shirika utaambiwa rudi kwa aliyekukatia. Kama aliyekukatia ni ndugu aliyeko Dubai au Muscat kupitia wakala wa huko, au tovuti ya kigeni inayojibu kwa baruapepe tu, unahitaji siku mbili tatu za ziada, na wikendi yao usiihesabu. Kwa safari ya kesho, hiyo si njia ya kutegemea.

Kosa linalowaangusha watu uwanjani ni hili. Kubadili kuna hatua mbili: kwanza nafasi inahamishwa kwenye ndege mpya, kisha tiketi inatolewa upya kulingana na nafasi hiyo. Wakala akifanya ya kwanza akasahau ya pili, au akakosa kuilipia kabla ya muda aliopewa na mfumo, wewe utakuwa na karatasi safi yenye saa mpya lakini huna tiketi. Kaunta ya Kisauni, uwanja wa ndege wa Unguja, itakuona kwenye orodha na bado itakuzuia. Kwa hiyo usiridhike na ratiba. Dai tiketi yenyewe, yenye namba ya tarakimu 13 inayoanza na namba tatu za shirika: 071 kwa Ethiopian, 706 kwa Kenya Airways, 157 kwa Qatar Airways. Mara nyingi namba hubadilika baada ya tiketi kutolewa upya. Kisha ingia tovuti ya shirika lenyewe, si ya wakala, uhakikishe ndege mpya inaonekana kwa jina lako.

Ujumbe wa kumtumia wakala unaweza kuwa hivi: "Assalaam alaykum. Naomba kusogeza safari yangu ya tarehe 14 iwe tarehe 16, ya asubuhi au ya jioni, ile yenye nauli ndogo. Kabla ya kutoa tiketi niandikie ada ya shirika ni kiasi gani, tofauti ya nauli ni kiasi gani na ada yako ni kiasi gani. Nikishalipa nitumie tiketi yenye namba, ratiba pekee hainitoshi." Maneno hayo yanazuia ubishi wa baadaye, kwa sababu kila kipande kimeandikwa peke yake.

Kuachia nafasi: njia ambayo wengi hawaiombi

Huenda hujui lini utasafiri. Mgonjwa hajatoka, mtihani haujatangazwa tarehe, mazishi yamekukuta. Watu wengi katika hali hii wanakaa kimya mpaka ndege inaondoka, wakidhani watabadili wakishajua siku. Hapo ndipo tiketi inapokufa.

Shirika linatofautisha sana kati ya aliyeachia kiti kabla ya kuondoka na ambaye hakutokea. Wa kwanza amewapa nafasi ya kukiuza. Wa pili amekiacha kitupu. Kwa asiyetokea, tiketi za bei ya chini nyingi hupoteza nauli yote, na zile zinazosamehe hutoza ada nyingine juu ya ada ya kubadili. Kwa hiyo kama huna tarehe mpya, piga simu au ingia mtandaoni useme: futa nafasi, tiketi ibaki wazi. Usiombe kurudishiwa fedha wakati huo, omba nafasi tu ifutwe. Thamani inabaki, na utalipa ada na tofauti ukishachagua siku. Tiketi ya kawaida huishi mwaka mmoja tangu ilipotolewa, lakini zile za promosheni zinaweza kuwa na muda mfupi zaidi, kwa hiyo uliza mwisho wake ni lini na uandike jibu.

Saa ya mwisho ya kuachia ni ipi? Masharti ya tiketi ndiyo yanayosema. Wengine wanaruhusu hadi kabla tu ya ndege kuondoka, wengine wanafunga saa kadhaa mapema. Ukiwa ndani ya daladala umekwama Mwanakwerekwe na unaona wazi hutafika, achia nafasi kwa simu ukiwa humohumo. Dakika tano hizo zinaweza kuokoa nauli yote.

Kuitupa na kukata mpya, au kupanda boti

Kuna wakati ada pamoja na tofauti vinazidi bei ya tiketi mpya ya upande mmoja. Kwa safari fupi za Unguja–Dar hilo linatokea mara nyingi. Hesabu ni nyepesi: kama jumla ya kubadili ni 120,000 na tiketi mpya ya kampuni nyingine ni 105,000, kata mpya. Halafu ile ya zamani usiiache hivihivi. Ifute kabla ya muda, kisha uliza kodi gani zinarudishwa. Hata tiketi isiyorudisha nauli inaweza kurudisha baadhi ya tozo za uwanja ambao hukuutumia, ingawa tozo ya mafuta ya shirika kwa kawaida hairudi na ada ya kushughulikia marejesho inaweza kumeza kilichobaki. Kwa safari ya ndani huenda usipate cha maana. Kwa safari ndefu ya nje inaweza kuwa fedha nzuri.

Boti nayo iko mezani kwa kila mtu wa visiwani. Kutoka bandari ya Malindi, Unguja, hadi Dar ni kama saa mbili, wakati ndege inatumia kama dakika 20 angani. Ukijumlisha kufika uwanjani mapema, kusubiri na kutoka, pengo linapungua, na nauli ya boti kwa mkaazi huwa ndogo kuliko ya ndege. Kwa anayekwenda Kariakoo au Posta boti inamshusha karibu zaidi kuliko ndege. Kwa anayekwenda kuunganisha ndege Dar ni mzigo mwingine: kutoka bandarini hadi uwanja wa Julius Nyerere ni kama kilomita 12 za foleni, na msimu wa kusi bahari huchafuka, ratiba nayo ikachelewa. Usipange boti na ndege ya kimataifa kwa saa za kubana. Acha nusu siku katikati.

Na hapa tuseme jambo ambalo kila mwaka linawaachia watu machozi Dar. Kama tiketi yako ni moja, Unguja–Dar–Doha au Unguja–Addis Ababa–Jeddah, huwezi kuruka kipande cha kwanza. Vipande vinatumiwa kwa mpangilio. Usipoonekana Unguja, mfumo unafuta vyote vinavyofuata, pamoja na vya kurudi. Mtu aliyeikosa ndege ya Unguja akakimbilia boti ili aiwahi ileile ndege ya Dar, anafika kaunta na kukuta jina lake halipo. Njia sahihi ni kulipigia shirika kabla ya ndege ya kwanza kuondoka, uombe kipande cha Unguja kiondolewe na tiketi itolewe upya kuanzia Dar. Kuna gharama, lakini safari inabaki hai. Kwa sababu hiyohiyo, kuitupa tiketi na kukata mpya ni salama tu kwa kipande cha mwisho.

Ukiwa na tiketi mbili tofauti, ya Pemba–Unguja kwa kampuni moja na ya Unguja–Istanbul kwa nyingine, ubaya ni mwingine. Hakuna anayewajibika kwa kuchelewa kwa mwenzake. Ukisogeza ya nje, sogeza ya Pemba siku hiyohiyo, na iwe ya siku moja kabla ikiwa ya nje ni ya alfajiri.

Saa na tarehe zilizoandikwa kwenye tiketi mpya

Tiketi huandikwa kwa saa 24. 07:00 ni saa moja asubuhi, 13:00 ni saa saba mchana, 19:00 ni saa moja usiku. Anayebadili kwa simu akisema "nataka ya saa tatu" anaweza kuwekewa 03:00 na mhudumu aliye nje ya nchi. Sema siku zote kwa tarakimu za tiketi, kisha mrudie kwa maneno: "09:00, yaani saa tatu asubuhi."

Tarehe za usiku zinachanganya zaidi. Baadhi ya ndege za nje zinaondoka Unguja usiku wa manane. Ndege ya 03:30 tarehe 10 inaondoka usiku wa kuamkia tarehe 10, kwa hiyo unatakiwa utoke nyumbani tarehe 9 usiku, kabla siku haijageuka. Anayekuja tarehe 10 usiku amechelewa karibu siku nzima, na anahesabiwa hakutokea. Ukibadili tarehe, uliza swali moja: "natoka nyumbani usiku wa siku gani?"

Thibitisha pia jengo. Safari za nje hapa Kisauni ni Terminali ya 3. Dar kuna terminali tatu, na ya 1 iko mbali na zile mbili nyingine, si mwendo wa miguu na mabegi. Ukihama kutoka ndege kubwa kwenda ndogo, huenda umehama na jengo. Na mambo uliyoomba mwanzoni, kiti cha magurudumu kwa mama, mzigo wa ziada uliolipiwa, chakula maalumu, hayahami yenyewe kila mara. Omba upya, hasa kiti cha magurudumu.

Ulipie tangu mwanzo tiketi inayobadilika?

Inategemea uwezekano wa kubadili, na unaweza kuupima. Tuseme ada ya kubadili kwenye tiketi ya bei ya chini ni 60,000, na tiketi inayobadilika bila ada imezidi kwa 25,000. Kama nafasi ya kubadili ni nusu kwa nusu, kadirio la hasara yako ni 30,000, basi 25,000 inalipa. Kama ni mara moja kwa kumi, kadirio ni 6,000, nunua ya chini. Tofauti ya nauli usiitie kwenye hesabu hii kwa kuwa utailipa kote kuwili.

Safari za Idd ni mfano mzuri wa nusu kwa nusu. Siku inajulikana usiku wa mwandamo, na anayerudi kazini Dar kutoka Chake Chake siku ya Idd Pili hana hakika ni tarehe ipi. Akikisia vibaya, anajikuta anabadili pamoja na watu wengine wote, viti vya bei ndogo vimekwisha. Kwa safari kama hiyo tunashauri tiketi inayobadilika, au ukate kwa tarehe ya baadaye zaidi kati ya zile mbili.

Tiketi za kundi za Hija na Umra ni jambo la peke yake. Zinauzwa kwa masharti ya kundi, na mmoja hawezi kujibadilia. Msemaji ni taasisi iliyokusafirisha, na mara nyingi jibu ni kukata tiketi mpya ya kurudi. Uliza kabla ya kulipa, si ukiwa Madina.

Kwa wanaokwenda au kutoka Marekani kuna nafuu ya kisheria: tiketi iliyonunuliwa kwa shirika lenyewe siku 7 au zaidi kabla ya safari inaweza kufutwa ndani ya saa 24 tangu kununuliwa bila kukatwa, isipokuwa shirika liwe lilikupa nafasi ya kushikilia bei kwa saa 24 kabla ya kulipa. Hapo usibadili. Futa yote, ukate upya kwa saa unayoitaka.

Shirika likibadili lenyewe

Wakati wa masika, abiria wakipungua, safari huunganishwa na saa husogezwa. Hili likikukuta mizani imegeuka: unaweza kuomba ndege nyingine bila ada, na mara nyingi bila tofauti ya nauli ikiwa ni ya tarehe za karibu, au kurudishiwa fedha kama mabadiliko ni makubwa. Dakika kumi au ishirini hazihesabiwi. Saa kadhaa, au siku nyingine, zinahesabiwa.

Usibonyeze "kubali" kwenye ujumbe kabla hujaangalia ndege nyingine, maana ukikubali umeifunga kesi. Tafuta kwanza ndege inayokufaa, andika namba na tarehe yake, kisha piga simu uitaje. Anayekuja na jibu lililo tayari anahudumiwa haraka kuliko anayeuliza "mna nini?"

Ndiyo maana anayetaka kubadili tiketi ya miezi mitatu mbele asikimbilie kulipa. Shirika huenda likasogeza lenyewe na yeye akapata anachotaka bure. Zikibaki wiki mbili, acha kusubiri, bei zinapanda.

Shirika likikataa haki iliyoandikwa kwenye masharti yake, lalamika kwao kwanza kwa maandishi, ukiambatisha tiketi ya zamani, ujumbe wao wa mabadiliko na risiti. Wasipojibu, peleka malalamiko Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania (TCAA). Lipo pia Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Usafiri wa Anga linalosimamia maslahi ya abiria. Malalamiko yenye tarehe, namba ya tiketi na kiasi cha fedha yanafanyiwa kazi. Yale ya simu pekee hayaachi alama.